Tamthilia Umeipenda, Ndugu Hawaioni: Tengeneza Njia Kabla ya Sifa

*Swali: "Habari za kazi, mtaalamu. Naishi Tanga mjini, Ngamiani. Kuna tamthilia mpya ya Kiswahili, ina miezi mitatu hewani, Jumatatu mpaka Ijumaa saa mbili na nusu usiku. Nimeipenda kupita kiasi, nimewasifia ndugu na mashoga wote, lakini naona naimba peke yangu. Mama mkwe yuko Pangani, anatumia antena, anasema kwake chaneli hiyo haipo. Wifi yangu wa Lushoto ana dishi la kampuni ileile ya kwangu, lakini picha inaganda. Fundi kamwambia mvua inakata mawimbi, anunue busta. Shoga yangu wa Chumbageni hana TV, anaangalia kwa simu na bando linakwisha kabla ya wiki. Mume wangu aliangalia sehemu moja, akasema upuuzi, akalala. Mpwa wangu anasema atanirekodia zote kwenye flashi niwagawie. Je, nimnunulie mama king'amuzi kipya? Busta itasaidia? Na nifanyeje ili nao waipende kama mimi?"*

Dada yangu, swali lako ni moja lakini lina matatizo manne ndani yake, na hakuna mawili yanayofanana. Wewe umeyatia yote kwenye kapu la "hawaipendi". Ukiyachambua utaona mwenye haki ya kusema haipendi ni mume wako peke yake, maana ndiye aliyeiona. Mama mkwe hajaiona kabisa. Wifi ameona vipande. Shoga yako anaiona mpaka bando liishe. Hao watatu ukiwaongezea sifa unawaongezea hamu tu, na hamu isiyo na njia hugeuka kero. Ukimpigia mtu mara ya tatu kumuuliza "ya jana umeiona?", ya nne hapokei simu.

Kwa hiyo tutaanza na mitambo, mume tutamrudia.

Kwanza tuondoe dhana moja. Enzi za analojia, mwenye antena nzuri alipata kila kilichorushwa hewani mahali pake. Mitambo ile ilizimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, na Tanga ikafuata mwanzoni mwa 2013. Tangu hapo chaneli inakufikia kupitia king'amuzi cha kampuni fulani, kwa njia fulani, ndani ya kifurushi fulani. Hata kampuni moja huwa na orodha mbili: ya dishi na ya antena, na ya antena kwa kawaida ni fupi zaidi. Namba nayo ni ya king'amuzi, si ya chaneli. Ukimwambia mama "weka namba fulani" kwa kuwa ndiyo ya kwako, kwake inaweza kuwa katuni, au pasiwe na kitu. Mtajie jina la chaneli, namba achana nayo.

Mpigie akiwa amekaa mbele ya TV, rimoti mkononi. Kama macho yanamsumbua, awepo mjukuu wa kumsomea. Muulize king'amuzi ni cha kampuni gani, kisha afungue orodha ya chaneli alitafute jina. Jibu litaangukia kwenye moja ya hali tatu. Jina lipo lakini skrini inadai malipo: hapo tatizo ni kifurushi. Jina lipo lakini inaandika hakuna mawimbi: tatizo ni antena au waya. Jina halipo kabisa: ama king'amuzi hakijatafuta chaneli upya tangu ile iongezwe, ama kampuni hairushi chaneli hiyo kwa antena huko Pangani. Wenye DStv wao husomewa kwa namba: E16 ni habari ya malipo, E48 ni habari ya mawimbi. Ukijua hilo humwiti fundi apande bati kumbe kifurushi kimeisha.

Ikiwa ni malipo, liko kosa dogo linalowasumbua wengi. Mtu analipa kwa simu huku king'amuzi kimezimwa, anakuja kuwasha jioni anakuta chaneli bado imefungwa, anadhani kaibiwa. Ruhusa ya kufungua chaneli inatumwa hewani, na king'amuzi kilichozimwa hakiipokei. Awashe, aweke chaneli yenyewe, aiache nusu saa bila kubonyezabonyeza. Isipofunguka, ndipo mpige huduma kwa wateja mkiwa na namba ya kadi au ya king'amuzi mkononi.

Ikiwa jina halipo, mjukuu aingie kwenye menyu, sehemu ya mipangilio, achague kutafuta chaneli kiotomatiki. Huchukua dakika tano hadi kumi. Kikiomba namba ya siri na haijawahi kubadilishwa, mara nyingi ni 0000 au 1234. Asiguse kabisa sehemu ya kurudisha mipangilio ya kiwandani, maana wengi huibonyeza wakidhani ndiyo hiyohiyo.

Likikosekana baada ya hapo, usikimbilie kupandisha mlingoti. Mawimbi ya antena husafiri karibu kwa mstari ulionyooka, na dunia ni mviringo. Tuseme mnara una mita 100 na antena ya mama iko mita 3 juu: kwenye ardhi tambarare vinaonana hadi kilomita 48 hivi. Ipandishe hadi mita 6, unapata kilomita 51. Mita tatu za bomba kwa kilomita tatu! Faida kubwa ya mlingoti ni kuivusha antena juu ya minazi na paa la bati la jirani. Chaneli zake nyingine zikionekana safi na hiyo moja tu haipo, antena haina kosa na urefu hautamsaidia.

Sasa, umnunulie king'amuzi kipya? Kwa maoni yangu, bado. Bei ya king'amuzi unailipa mara moja, lakini kifurushi ni kila mwezi, na zawadi inayomwachia mama mzima deni la kila mwezi ni zawadi yenye mkia. Amueni kwanza nani atalipa. Halafu angalia kama watayarishaji wenyewe hawaiweki tamthilia hiyo YouTube kwenye akaunti yao rasmi. Baadhi hufanya hivyo, ingawa kwa kuchelewa. Mkiamua kununua dishi, antena ya zamani msiing'oe. Chaneli za bure kama TBC1 kwa kawaida zinaendelea kwenye king'amuzi cha antena hata kifurushi kikiisha, naye hatakosa taarifa ya habari kwa sababu ya tamthilia yako.

Vikiwa ving'amuzi viwili kwenye TV moja, litazuka tatizo jingine. Kila akitaka kutoka kimoja kwenda kingine itabidi abonyeze kitufe cha rimoti ya TV kubadilisha tundu, yaani pale waya wa king'amuzi ulipochomekwa nyuma ya TV, na mezani kutakuwa na rimoti tatu. Wazee wengi huacha kuangalia kwa sababu ya kitufe hicho. Tia tone la rangi ya kucha, jekundu, juu ya kitufe cha kubadilisha tundu, na tone la rangi hiyohiyo kwenye rimoti ya king'amuzi kipya. Mfundishe kwa vidole vyake mwenyewe, mara mbili tatu, wewe usishike rimoti.

Tupande Lushoto. Fundi wa wifi yako amesema nusu ya kweli, na ile nusu nyingine ndiyo atakayoilipia bure.

Ni kweli mvua hudhoofisha mawimbi ya dishi. Yanasafiri kati ya gigahezi 10.7 na 12.75, ambako wimbi moja lina urefu wa kama sentimita mbili na nusu, na mbele ya wimbi fupi namna hiyo tone nene la mvua ni kizuizi. Mawimbi ya antena ya kawaida yana urefu wa karibu nusu mita, hivyo tone halina la kuyafanya. Ndiyo maana mwenye dishi analalamika wakati wa mvua kubwa na jirani yake mwenye antena anaendelea kuangalia. (Mwenye antena naye picha ikimkatika kila mvua ikinyesha, si mvua iliyoko angani, ni maji yaliyoingia kwenye waya wake.)

Lakini mvua ya kukata dishi lililotegwa vizuri ni ile ya radi na matone mazito, tena kwa dakika chache, wingu likipita picha inarudi. Manyunyu ya Lushoto ya kutwa nzima hayatakiwi kuiua picha. Yakiiua, dishi lilikuwa mahututi kabla ya mvua. Zamani picha ikidhoofika ulianza kuona chenga, ukajua mapema. Picha ya kidijitali haina chenga: inabaki safi mpaka mawimbi yafike ukingoni, kisha inaganda ghafla. Dishi lililotegwa nusunusu litaonyesha vizuri kiangazi chote, watu wamsifu fundi, masika ya Machi yaanze ndipo siri itoke.

Wifi afungue menyu ya mawimbi siku ya jua. Ataona mistari miwili, wa nguvu na wa ubora. Wa nguvu haumwambii mengi, maana hata makelele, yaani mawimbi yasiyo ya chaneli yako, yana nguvu. Autazame wa ubora. Ving'amuzi havipimi kwa kipimo kimoja, kwa hiyo asilinganishe asilimia zake na zako. Anachotafuta ni namba ya juu kabisa inayopatikana pale, isiyopandapanda na kushuka. Fundi aliyesimamisha kazi mara tu picha ilipotokea ameiacha katikati.

Kisha wifi awe mpelelezi wa siku chache, aandike lini inaganda. Ikiganda kwenye mvua kubwa tu na kurudi baada ya dakika chache, hilo ni la kawaida. Ikiendelea saa nzima baada ya mvua kukatika, kuna maji kwenye maungio. Ikiganda upepo ukivuma, boliti zimelegea au kuna tawi. Chaneli nusu zikiwa nzima na nusu zimekufa siku zote, mshuku waya au LNB, kile kichwa kilicho mbele ya dishi: king'amuzi hukipelekea umeme wa volti 13 kwa kundi moja la chaneli na 18 kwa kundi jingine, na waya mbovu huweza kufikisha kimoja ukashindwa kingine.

Kuhusu milima: watu wa Usambara hupenda kuilaumu, na kwa antena wana haki kabisa, bonde huzima mawimbi. Kwa dishi ni nadra. Kama ni la Azam, satelaiti yake iko nyuzi 7 mashariki, juu ya Ghuba ya Guinea. Ukiwa Tanga au Lushoto unaitafuta upande wa magharibi ukiegemea kidogo kaskazini, nyuzi 52 au 53 juu ya upeo. Hapo ni juu kuliko vilima vingi vya karibu. Kinachozuia ni mti uliokua tangu dishi lifungwe. Mparachichi ulioko mita 5 mbele ya dishi unaanza kuingilia ukiwa umelipita dishi kwa mita 6 na kitu. Dishi lenyewe lisimdanganye: uso wake huonekana kutazama chini kuliko linakopokea kweli, kwa hiyo mti anaodhani uko juu ya njia ya mawimbi huenda ndio uko katikati yake. Wala asiige dishi la jirani lenye kampuni nyingine, maana kila kampuni na satelaiti yake.

Busta, basi. Busta hukuza kila kinachoingia, mawimbi na makelele pamoja. Kwa antena ina kazi moja ya halali: waya ukiwa mrefu, maana waya wa kawaida wa TV hupoteza karibu nusu ya nguvu kila mita 18, hivyo busta ndogo inayofungwa juu, karibu na antena, hufidia kinachopotea njiani. Ukiifunga chini nyuma ya TV unakuza kilichokwisha kuharibika. Na kwa dishi, LNB yenyewe tayari ni kikuzaji. Dishi lililopinda, konekta (kile kichuma cha mwisho wa waya) iliyooza au tawi la mti havitibiwi na busta. Mwambie wifi pesa hiyo aiweke.

Aiweke kwa ajili ya waya na konekta, ambazo ni bei ndogo na ndizo zenye lawama mara nyingi. Kwenu Tanga mjini mngeongeza chumvi ya bahari. Lushoto ni unyevu na ukungu. Kazi yenyewe iko hivi. Zima king'amuzi ukutani kabisa, kwa sababu waya huo unabeba umeme. Fungua konekta ya kusokota kwenye LNB, tazama waya wa katikati. Uking'aa kama shaba mpya, sawa. Ukiwa wa kijani au mweusi, maji yameingia, na hayakuishia hapo, yametambaa ndani ya nyuzi za nje. Kata sentimita kumi, ukikuta bado weusi kata tena. Menya upya, nyuzi za nje zikunjwe nyuma zote. Uzi mmoja tu ukigusa waya wa katikati ni shoti. Funga konekta mpya mpaka ile plastiki nyeupe ya ndani ilingane na sakafu ya konekta, waya wa katikati utokeze milimita tatu kupita mdomo wake. Kaza kwa mkono kisha robo ya mzunguko kwa spana. Funika kwa tepu ya mpira inayojishika yenyewe, si tepu nyeusi ya umeme inayobanduka kwa jua. Mwisho, waya upinde kuelekea chini kabla ya kupanda kwenye LNB, ili maji yadondokee kwenye kipindo yasifuate waya.

Yote hayo yakifanyika na bado mvua ya kawaida inaikata picha, ndipo aulizie dishi kubwa zaidi. Kutoka sentimita 60 hadi 90 eneo la kukusanyia mawimbi linakuwa mara mbili na robo. Hiyo ndiyo busta ya kweli ya dishi.

Shoga yako wa Chumbageni, hesabu yake ni fupi. Video ya ubora wa kati hula takriban GB 0.7 kwa saa. Sehemu ya dakika 25 ni kama GB 0.3, na mwezi wenye sehemu 22 ni GB 6 na ushee. Akiacha simu ijichagulie ubora wa juu, saa moja inaweza kufika GB 3, na mwezi uleule ukala GB 27. Kwenye skrini ya simu hataona tofauti ya maana, kwa hiyo aingie kwenye mipangilio ya video aufunge kwenye ubora wa kati au wa chini, na azime ile ya video kujiendesha yenyewe moja baada ya nyingine, maana ndiyo inayokula bando akiwa amesinzia. Programu ikiruhusu kupakua, apakue pale penye Wi-Fi. Au afunge kanga aje kwako saa mbili na nusu. Chumbageni na Ngamiani si safari.

Flashi ya mpwa wako iache. King'amuzi chenye uwezo wa kurekodi kwa kawaida huifunga rekodi ifunguke kwenye king'amuzi hichohicho tu, hivyo Pangani itakuwa flashi tupu. Akirekodi kwa simu mbele ya TV, au akichota kwenye makundi ya WhatsApp, ataivunja Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na tamthilia unayoipenda inaendeshwa na watu waliokaa mbele ya chaneli yake na matangazo yake. Wakipungua, inakatwa msimu wa pili.

Sasa mzee wa sebuleni.

Hapa nitakusema kidogo. Umemkalisha mtu kwenye tamthilia yenye miezi mitatu, kwenye sehemu ya sitini na kitu, akakuta watu kumi wanalia na hamjui hata mmoja. Kisha, kwa ninavyowajua wapenzi wa tamthilia, ulimweleza kila tukio likiendelea: "huyu ndiye yule aliyemfanyia yule". Hapo hata mimi ningelala. Na umemwita saa mbili na nusu, ndiyo kwanza taarifa ya habari ya saa mbili inamalizika na akili yake iko kwenye michezo. Siku Coastal Union imecheza, usimwite kabisa.

Tamthilia za kila siku zimeandikwa kwa mtu anayeweza kukosa siku mbili. Ndiyo maana wahusika wake hurudia habari mara kwa mara, mmoja anamsimulia mwenzake jikoni tulichokiona jana, na Jumatatu hukumbusha ya wiki iliyopita ilhali Ijumaa huacha jambo linaning'inia. Kwa tamthilia ya namna hiyo huna haja ya kumrudisha mtu sehemu ya kwanza. Mwingize Jumatatu, na uchague Jumatatu ambayo kisa kipya kinaanza: mgeni kafika, mtu katoka gerezani, wosia umesomwa. Ile ya msimu mfupi wa sehemu kumi na kitu ni kinyume chake, kila jambo limepandwa mwanzoni, na ukimwingiza katikati umemharibia. Kama chaneli inarudia zote tano wikiendi, marudio ya Jumamosi ndiyo mlango mzuri kuliko yote.

Kabla ya hapo mwulize, bila kuitaja tamthilia yako, ni kipindi gani mara ya mwisho alikifuata mpaka mwisho, na kilichomshika ni nini. Wapo wanaoshikwa na fumbo, wanataka kujua nani kafanya. Wapo wanaoshikwa na watu, hata kisa kisiposogea. Wapo wanaotaka kuona maisha wanayoyajua: biashara, mashamba, kesi za mirathi. Ukisikia jibu, tafuta kilichomo kwenye tamthilia yako kinachofanana, umtajie hicho tu. Wewe huenda umependa mapenzi ya steringi. Yeye mwambie habari ya duka. Sentensi mbili zinatosha: "Kuna mwanamke kauza duka la urithi bila ndugu kujua. Mmoja wao ameshajua, ila hasemi." Tuseme hivyo, kwa mfano. Ukimwambia "ni nzuri sana, utaipenda", umemkabidhi mtihani wa kusahihisha, naye atatafuta makosa. Na usimwage mchele kwenye kuku wengi kwa kumsimulia ya mbele.

Mpe majina matatu tu: nani anataka nini, nani anamzuia, nani anajua siri. Wifi na shoga unaweza kuwatumia kwa sauti ya WhatsApp isiyozidi dakika moja. Kisha mwombe mume sehemu tatu, Jumatatu hadi Jumatano, na wewe ukae kimya. Akiuliza swali lake mwenyewe Jumatano, "sasa yule mwingine alijuaje?", amekwisha kunasa. Asipouliza, mwachie apumzike. Kuna watu tamthilia si chakula chao.

Kwa mama mkwe kuna jambo hukuliuliza, nami naona ndilo litakalokuaibisha. Tamthilia ya saa mbili na nusu huwa na matukio ya chumbani, na wewe ni mkwe. Umezizoea, huzihesabu tena. Angalia upya sehemu tatu za mwisho kwa jicho la mtu aliyekaa kwenye mkeka na mama mkwe kushoto na wajukuu wa miaka minane kulia. Ukijikuta unatafuta rimoti, basi hiyo mpendekezee wifi, mama mtafutie nyingine, au mwambie mapema ili aangalie watoto wakishalala. Ving'amuzi vingi vina namba ya siri ya kufunga chaneli. Ikiwekwa Pangani, iandikwe kwenye karatasi mama anayoijua. Mwezi wa Ramadhani usimsumbue na saa mbili na nusu kabisa, ni wakati wa tarawehe. Mtumie saa ya marudio ya mchana.

La mwisho ni fundi. Menyu, rimoti, malipo na mipangilio ya simu malizeni wenyewe. Konekta iliyo chini, nyuma ya king'amuzi, mtu makini anaweza kuibadilisha. Lakini dishi likiwa juu ya bati, bati likiwa na maji, waya wa umeme ukipita karibu, au wingu la radi likionekana, wifi asipande wala asimpandishe mtoto. Aite fundi, ikiwezekana aliyeidhinishwa na kampuni ya king'amuzi. Wapatane bei kabla hajapanda, na apewe orodha ya anachobadilisha. Akishuka, amwonyeshe mstari wa ubora kwenye chaneli ileile iliyokuwa inaganda na kwenye nyingine mbili zilizokuwa zikisumbua, atikise waya nyuma ya king'amuzi ionekane kama namba inayumba, na amkabidhi konekta ya zamani mkononi. Kisha ndipo alipwe.